Kanga Katika Msimu wa Tohe

Baba Atieno,

Sijui salamu hupita njia gani kufika huko uliko. Zangu nimezituma kwa mdomo kila asubuhi nikifagia uwanja, na leo nimeona niziweke kwenye karatasi, kwa sababu kuna jambo limetokea ambalo siwezi kukuambia nikiwa nimeinama na ufagio mkononi.

Ninaandika Kiswahili. Ouma, mdogo wako, amenichungulia begani akauliza kwa nini nisikuandikie Kidholuo, lugha iliyokulea. Kaka yangu Chacha naye angeuliza kwa nini si Kikuria. Wote wawili nawaelewa. Lakini mimi na wewe tulikutana ndani ya Kiswahili. Ulikuja kwetu Kuria kujenga shule, fundi wa mawe kutoka upande wa ziwa, na mimi nilikuwa msichana wa kuchota maji ya kukorogea saruji. Neno lako la kwanza kwangu lilikuwa, "Dada, weka ndoo kivulini, maji yasipate moto." Nilicheka, kwa sababu sikuwahi kumwona mwanamume anayeyahurumia maji. Tangu siku ile tulipendana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, na siku za mwisho uliniaga kwa hicho hicho. Basi nikikosea mahali, cheka kama ulivyozoea, halafu endelea kusoma.

Watoto hawajambo. Atieno amerefuka, magauni yake yote sasa yanaishia magotini, na anasoma vitabu vyake kwa sauti hata mbuzi wanaacha kula wanamtazama. Onyango meno ya mbele yamemtoka. Yeye husema umeenda kulala Homa Bay hospitali. Sijamsahihisha. Hajakosea sana, maana ni usingizi uliokuchukua.

Mwanzoni tulidhani ni uchovu. Ukaanza kusinzia mchana, kijiko mkononi, uji ukipoa mbele yako. Daktari aliposema ni malale, kwamba mbung'o wa bonde hili la Lambwe ndio waliokuuma, ulinigeukia ukasema, "Ona, Nyar-Kuria, mdudu mdogo hivi ameangusha fundi wa mawe." Ulisema kama mtu anayesimulia habari za jirani. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta.

Siku ya mazishi mama yako hakupiga yowe. Alikaa mlangoni kwetu akiitazama bunduki yako ikining'inia ukutani. Halafu akasema kwa Kidholuo, polepole, na mimi ambaye Kidholuo changu kinachechemea nilielewa kila neno: hiyo ndiyo iliyomwita mwanangu porini, na porini ndiko waliko mbung'o. Tangu hapo akawa hanisemeshi sana. Hakunitukana, hapana. Aliniita Nyar-Kuria kama wote wanavyoniita, binti wa Kuria, jina la mke aliyetoka mbali. Ila wewe ulipolitamka lilikuwa na asali, na yeye alipolitamka lilikuwa ni njia ya kunikumbusha kwamba kwetu si hapa.

Ouma alipeleka bunduki kituo cha polisi, maana leseni ilikuwa yako na wewe hukuwepo tena. Na kuhusu ile mila ya kumrithi mjane, nataka ujue mdogo wako ni mtu. Alinijia mchana, mbele ya mama, akavua kofia akasema, "Shemeji, mimi sitaingia nyumba ya ndugu yangu. Nitakuwa ndugu yako tu, ukikubali." Nilikubali. Ningekuwa na machozi yaliyobaki ningeyatoa siku ile.

Kisha mvua ikanyesha, tukapanda. Na kanga wakaja. Wanajua nyumba isiyo na bunduki, Baba Atieno, sijui ni nani huwaambia. Walitembea kwenye shamba langu la mahindi kama wazee wa kanisa, vichwa juu, wakichimbua mbegu moja baada ya nyingine. Nilipiga debe, niliweka sanamu ya nguo zako kuukuu, Atieno aliwakimbiza mpaka akavimba miguu. Nikapanda mara ya pili. Wakachimbua. Nikamwambia Ouma nataka kwenda kuiomba bunduki.

Alicheka kwanza. Halafu aliona sicheki.

"Shemeji, bunduki ni kitu cha wanaume wa boma hili."

"Wanaume wa boma hili ni wewe tu," nikamwambia, "na wewe hujui kupiga ndege. Marehemu ndugu yako alisema wewe ungekosa hata nyumba."

Akakuna kichwa, kwa sababu aliwahi kukusikia ukisema hivyo. Hakukubaliana nami. Lakini siku ya kwenda kituoni alivaa shati lake la Sabato akanisindikiza, ili isisemwe kwamba mjane wa ndugu yake alikwenda kwa askari peke yake. Mkubwa wa kituo aliniletea bunduki mezani akasema nimwonyeshe kama nimewahi kuishika. Sikufikiri. Mikono ilifanya yenyewe kama ulivyoizoesha: nikageuza mdomo wa bunduki uelekee ukuta, nikaifungua kati, nikachungulia kama kuna risasi, nikaingiza na kidole kuhakikisha. Ndipo nikamtazama. Akauliza nani alinifundisha. Nikasema, "Mwenye bunduki." Alitaka barua ya chifu, chifu akatoa baada ya kunizungusha kidogo, na mwishowe nikarudi nayo nyumbani imefungwa ndani ya leso. Mama yako aliiona ikiingia. Aligeuza kiti chake, akatazama upande wa kilima.

Unakumbuka ulivyonianzisha? Nyuma ya boma la ng'ombe, ili mama asione. Risasi ya kwanza ilinikalisha chini, nikakaa juu ya mavi ya ng'ombe, nawe ukaegemea mti ukicheka mpaka ukakosa pumzi. Lakini kwenye sheria zako hukuwa na mchezo hata kidogo. Kidole kikae nje mpaka ndege awe juu. Bunduki ifunguliwe tukivuka mto, ifunguliwe tukikutana na mtu, ifunguliwe tukiingia boma. Nilipokuambia siku moja kwamba ni tupu, ulinijibu, "Bunduki tupu ndiyo huua watu. Ile yenye risasi kila mtu huiogopa." Na ile kubwa kuliko zote, ambayo ulinikumbusha hata siku ambazo hatukubeba bunduki, tukiwa tumekaa tu tunamenya njugu: "Ndege asiyeona mbingu si wako." Maana yake kanga akikimbia chini kwenye nyasi, mwache. Asubiriwe apae, awe na mbingu nyuma yake, kwa sababu mbinguni hakuna mtu anayechuma kuni.

Ulikuwa mkali zaidi msimu wa tohe. Nyasi zikishachomwa na kiangazi kikishika, watu wenye vibali walikuja na Landrova zao na bunduki za risasi kubwa, wakapiga hema karibu na kivuko cha mto, wakawinda tohe, wale swala wa nyasi ndefu. Bonde likawa na bunduki za aina mbili: zao zinazokwenda mbali na zetu za marisawa, zile chembe ndogo za kupigia ndege. Wawindaji wengine wa ndege walikasirika na kusema hawa wageni wanatufukuza kwetu. Wewe ulikwenda hemani kwao asubuhi kunywa chai yao. "Leo sisi tuko upande wa mto. Nyinyi wapi? Kilimani? Haya, mpaka jua lishuke." Basi. Na hukupiga ndege alfajiri, maana alfajiri ni ya mwenye kunyatia. Mlio mmoja wa bunduki yetu ungefukuza mnyama ambaye mwenzako amemtambalia tangu gizani. Tulingoja jua lipande. Wenye adabu miongoni mwao walitukumbuka jioni kwa kipande cha ini.

Ulinikataza kuvaa nguo ya rangi ya udongo. Ulininunulia kitambaa chekundu cha kichwa, ukasema tohe hafungi kilemba. Na tulipopewa mguu wa swala hukunikubalia niubebe begani hivi hivi. Ulikata matawi ukaufunika, ukafunga shati lako jeupe juu yake, ukasema mtu akiona kwato zinatembea kwenye nyasi hatauliza ni za nani. Na kabla ya kuingia kila kichaka ulisimama ukaita, "Hodi!" kana kwamba kichaka kina mlango. Mara nyingi hakukuwa na mtu. Mara moja, unakumbuka, mwanamke aliitika "Karibu!" kutoka ndani, naye alikuwa amechuchumaa haja yake, tukakimbia sote wawili kwa aibu.

Basi sasa nifike kwenye lile jambo.

Chacha alikuja kiangazi hiki. Alikuja na sanduku tupu, na nilipoliona ni tupu nilielewa. Alikaa siku ile ya kwanza akiongea habari za ng'ombe na za tumbaku, na jioni akasema, "Boke, mume amekwisha, bonde hili linakula watu, na mama mkwe wako hakutazami usoni. Watoto watazoea Kikuria. Twende nyumbani." Nilikuwa nimechoka, Baba Atieno. Nilikuwa nimeanza kuhesabu ni vyombo gani vya kwangu na vipi vya mama yako. Nikamwambia, "Kaka, kula kwanza kwangu vizuri, halafu tutaongea. Kesho nitakutafutia kanga." Kwa sababu wewe hukuwahi kumruhusu shemeji yako akaondoka kwako bila nyama.

Ulikuwa msimu wa tohe. Jioni ile nilikuwa nimepita hemani kwa wageni, watu wa mjini, nikaambiwa watakuwa kilimani. Ouma alikuwa nao. Walikuwa wamemchukua awaongoze, maana hakuna anayejua njia za tohe kama yeye. Yeye mwenyewe aliniambia, "Shemeji, wewe chukua mto, sisi kilima."

Asubuhi nikangoja jua. Nikafunga kitambaa chekundu. Nikaenda upande wa mto kama tulivyoagana. Kundi la kwanza liliruka mbali, nikapiga, nikakosa. La pili liliruka karibu nami kwa kishindo mpaka nikashtuka, nikapiga, nikakosa vibaya zaidi. Nilikuwa namfikiria Chacha na sanduku lake, na mama yako ambaye alikuwa amesikia milio miwili na angejua, nikirudi mikono mitupu, kwamba Nyar-Kuria amepoteza risasi bure. Ilikuwa imebaki risasi moja tu mfukoni. Nikasali kidogo nikaitia.

Nikafika pale penye nyasi ndefu ambazo moto hauzifikii, pale mto unapopinda. Nikasimama. Nikaita, "Hodi!" Kimya. Nikaita tena, "Hodi hapo!" Kimya. Nikaingia.

Na hapo wakatokea. Hawakuruka. Walijipanga mmoja nyuma ya mwingine pembeni mwa nyasi, wanakimbia chini kwa chini, madoa yao yakimetameta, karibu kiasi kwamba nilisikia miguu yao kwenye majani makavu. Risasi moja ingewalaza wanne. Hata Ouma asingekosa. Bunduki ilikuwa tayari begani na jicho langu lilikuwa juu ya yule wa mbele, nikamfuata, nikamfuata, na kidole changu, nikuambie kweli, kidole kilikuwa kinataka kuingia. Hakuna mtu angejua. Ndege ni ndege sufuriani, hakuna anayeuliza alikufa akiwa chini au juu.

Nikakusikia. Usidhani nasimulia ndoto au mizimu, mimi ni mtu wa kanisa. Nilikusikia kama mtu anavyosikia wimbo alioimbishwa tangu utotoni, unajianzisha wenyewe. Ndege asiyeona mbingu si wako. Nikashusha bunduki, nikakasirika, nikapiga mguu chini na kupaza sauti, "Rukeni basi, mashetani nyinyi!"

Wakaruka, wote kwa pamoja, kwa ule mlio wao wa kukwaruza. Na chini yao, pale pale nilipokuwa nimelenga, nyasi zikanyanyuka, na katika nyasi akanyanyuka Ouma.

Alikuwa amelala kifudifudi. Shati la rangi ya udongo. Nyasi zimeshika nywele zake. Alinitazama, akatazama mdomo wa bunduki uliokuwa tayari unatazama ardhi, na alikuwa karibu kiasi kwamba niliona kope zake zinavyopepesa. Kanga walikuwa bado wanalia juu yetu wakienda ng'ambo ya mto, na ninakuambia sikukumbuka hata kuwatazama.

Niliifungua bunduki. Nikatoa risasi, nikaitia mfukoni, ikaanguka, nikaiokota, ikaanguka tena. Ouma akakaa chini kwenye nyasi kama mtoto. Nami nikakaa.

"Nilisikia hodi yako," akasema.

"Uliisikia?"

"Zote mbili."

"Mbona hukuitika, Ouma?"

Akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya nyasi. Tohe dume alikuwa ametoka kilimani asubuhi, akashuka mpaka mtoni, na wao wakamfuata. Wageni walikuwa wamebaki nyuma kwenye mti, naye alitambaa mbele amwone yuko wapi. Alikuwa karibu naye sana niliposimama nikaita. "Nilisema nikiitika atakimbia. Nikasema shemeji atapita tu. Sikuwaza juu ya kanga." Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Wakipita mbele yangu niliwaona wanavyokimbia. Nikajua sasa utapiga. Nikajua siwezi kuinuka wala kulala zaidi ya hapo."

Nikaanza kulia. Yeye akaanza kucheka, kicheko cha mtu asiyejua afanye nini na uso wake, mpaka naye akalia. Mmoja wa wageni akaja mbio, amekasirika, anauliza ni nani huyu mwanamke aliyefukuza mnyama. Ouma akasimama akapangusa magoti. "Bwana," akasema, "tulisema kilima, tukashuka mtoni bila kumwambia. Yeye aliita, mimi sikuitika. Mwache kabisa." Yule bwana akatuangalia, akaiona bunduki imefunguliwa magotini mwangu na mimi nimelowa machozi, akaelewa. Alivua kofia. Alitupa maji yake ya kunywa tukanywa sote watatu kwa kifuniko kimoja.

Nilirudi nyumbani bila unyoya mmoja. Nikawa nampikia kaka yangu ugali na omena, dagaa wa ziwani, na mboga. Tulikuwa tumekaa nje, Chacha, watoto, mama yako kwenye kiti chake pembeni, na mimi nilikuwa nimeamua kunyamaza, maana sikutaka kumtia mama hofu. Lakini Ouma alikuja. Hakukaa. Alisimama mbele ya mama yako akamsimulia kwa Kidholuo tangu mwanzo, hodi ya kwanza, hodi ya pili, kanga, bunduki begani. Alisema hata lile ambalo hakuniambia kule mtoni, kwamba alikuwa ameanza kumwomba Mungu amsamehe. Halafu akamwambia sheria yako, neno kwa neno, akasema, "Mama, ni ndugu yangu aliyemfundisha."

Mama yako aliinuka. Unajua magoti yake yalivyo, huwa anaitisha mtu. Hakuitisha. Alikuja mpaka nilipokuwa nimechutama kwenye mafiga pale nje, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, kama mtu anayepima kibuyu cha maji kama kimepasuka. Amebaki na mwana mmoja, Baba Atieno. Akasema, "Nyara." Mara moja tu. Binti yangu. Miaka yote niliyokaa boma hili sijawahi kuitwa hivyo. Halafu akaondoa mikono, akaniuliza kwa ukali wake wa kawaida kwa nini ugali unaungua, na kweli ulikuwa unaungua.

Chacha hakuelewa Kidholuo, lakini ana macho. Asubuhi yake nilimkuta anafunga sanduku lake. Nikadhani ataniuliza mbona sijaweka vyangu. Akasema, "Nitaondoka na tumbaku yangu na salamu tu. Wewe una watu." Mama yako alimpa kuku wawili wa kupeleka kwetu, wamefungwa miguu, naye akawabeba mmoja kila upande mpaka barabarani. Onyango alimsindikiza. Mpaka leo anatuuliza kwa nini mjomba hakuja na kuku akaondoka na kuku.

Mambo mengine yamebadilika, nayo ni yako kwa haki. Ouma aliongea na chifu, na sasa msimu ukifika wenye bunduki kubwa na wenye bunduki za ndege wanakutana kivukoni kabla ya kutawanyika, kila mmoja anasema upande wake mbele ya mwenzake. Akihama, anatuma mtu. Na tumeongeza sheria moja juu ya zako, usikasirike. Ukiitiwa hodi, itika. Hata kama mnyama wa maisha yako yuko mbele ya pua, itika, akimbie. Wawindaji wengine walinung'unika. Ouma aliwaambia waje walale kifudifudi pale mtoni, shemeji yake awapitie, halafu wanung'unike. Sasa vijana wanaitikia hata mbuzi akikohoa.

Ameacha shati la rangi ya udongo. Mama yako mwenyewe amelikata matambara.

Wale watu wa serikali wamerudi tena kufyeka vichaka kwa ajili ya mbung'o, na mimi siendi tena mbali kama tulivyokuwa tukienda. Nabaki pembeni mwa shamba, pale palipo wazi. Kanga wenyewe hunijia. Wiki hii nimepata mmoja, alikuwa juu kabisa, jua limempiga tumboni. Mama yako bado anasema nyama ya ndege si ya wanawake, lakini mchuzi alionja, akaongeza, akasema hauna chumvi ya kutosha.

Kuna siku bado ninakuwekea sahani, Baba Atieno. Natoa sahani, nakumbuka, nairudisha. Usiku sina shida kama watu wanavyodhani. Shida ni mchana, saa ile ya kazi kwisha, ambapo ungeingia mlangoni vumbi la mawe limekuweka mvi kabla ya wakati, ukatafuta mahali pa kuosha mikono. Ile saa inanipiga. Naipita hivyo hivyo. Nasimama mlangoni kidogo halafu nawaita watoto waingie.

Kaburi lako nimelizungushia mawe. Nilijaribu kuyapanga kama ulivyopanga ukuta wa ile shule, jiwe kubwa, jiwe dogo, lakini yamepinda, utanisamehe. Ouma anasema yana sura ya ng'ombe aliyelala.

Sasa Atieno anataka karatasi iliyobaki ya kufanyia hesabu, kwa hiyo nikuage. Nilikuwa sijui nitakaa hapa au nitaondoka, sasa najua. Nakuahidi watoto wako watakua katika bonde hili, watajua Kidholuo cha bibi yao na Kikuria cha mjomba wao, na nyumbani tutaendelea kusema lugha yetu mimi na wewe, ili waisikie ilivyokuwa. Mama yako nitamtunza mpaka mwisho wake, na hatapika tena peke yake. Na mimi nitakuja. Pale kushoto kwako nimewaambia wasipande kitu.

Ila usinitazamie upesi. Nina mengi ya kufanya.

Lala, mume wangu.

Boke